Mbwa wa Nyumba ya Kunong'ona

Mimi nimezaliwa na sauti. Marehemu mama alikuwa akisimulia kwamba nilipotoka tumboni nililia mpaka mkunga akaziba sikio moja, akanipokea kwa mkono uliobaki. Sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, hiyo ndiyo yangu. Sasa nionee huruma: mtu kama mimi, miaka yote hii, naishi katika nyumba ya kunong'ona.

Nyumba ni ya dada yangu na mumewe. Shemeji ni mwoka mikate. Huondoka jioni, baada ya chakula, wakati waume za watu wanavua viatu, na hurudi asubuhi na mkate wa moto kwapani, nyusi zimejaa unga. Majirani wamempa jina la Popo. Mwanzoni alilikataa, akachoka, akaliitika, na siku hizi hata dada yangu akikasirika humwita hivyo hivyo. Mchana kutwa Popo amelala. Dirisha la chumba chake limepigiliwa blanketi la buluu, kwa hiyo humo ndani saa zote ni machweo. Nje jua linawaka, nguo zinaanikwa, dunia inakwenda na mambo yake, na yeye yuko nyuma ya ule mlango anavuta pumzi ndefu.

Kwa kuwa amelala, nyumba nzima inanong'ona. Bawaba za milango zimetiwa mafuta ya kupikia. Miguu ya viti imevishwa soksi kuukuu. Mimi ni msusi, wateja wangu nawasukia kwenye baraza ya nyuma, na mteja mpya namwambia kabla hajakaa: hapa umbea ruksa, ila kwa kunong'ona. Wamezoea. Wengine wanadai umbea wa kunong'ona una utamu wake. Utamu gani? Mimi nimemeza vicheko pale barazani mpaka naogopa siku moja vitanitoka vyote kwa mpigo.

Watoto wao ni wawili, wote wa kike. Mkubwa tunamwita Kibibi, maana tangu anatambaa ana mambo ya kizee. Akikuona umeacha kijiko sakafuni atakutazama mpaka ukiokote. Mdogo ni Tone. Alizaliwa kadogo kabisa, na jina likaganda. Watoto wa watu hufundishwa kutembea. Hawa walifundishwa kunyata. Majirani walikuwa wakituonea kijicho. Watoto wenu wana adabu, walisema, na dada yangu alivimba kichwa. Akisikia mtoto wa jirani anapiga makelele ya kudeka, alitikisa kichwa na kusema mchelea mwana kulia hulia yeye.

Siku moja Tone aliniwekea mdomo sikioni akaniuliza kama mikate inatoka kwenye ndoto za baba. Nikamuuliza kwa nini anafikiri hivyo. Akasema, Baba analala, halafu asubuhi kuna mkate. Nikamwambia huenda.

Kusema kweli hata Popo mwenyewe hakuwa mbali sana na mawazo hayo. Aliwahi kunieleza kwamba usingizi wa mchana si usingizi kamili. Analala kama mtu aliye chini ya maji: juu kuna mwanga, kuna watu wanapita, hasikii wanachosema lakini anajua ni nani. Anajua miguu ya mkewe na ndala zangu. Wakati mwingine huota watoto wamekuwa wakubwa, wameolewa, wameondoka, na yeye bado yuko kitandani anatafuta shati. Akiamka na kusikia kijiko kinawekwa taratibu mezani, anashukuru, anageukia upande wa pili.

Kisha Tone akaanza chekechea, na hapo ndipo adabu yetu ilipotutokea puani.

Mwalimu alimwita dada yangu. Dada akaniburuta niende naye, kwa sababu yeye mbele ya walimu hugeuka mwanafunzi. Tuliketi kwenye viti vidogo vya watoto, magoti yamekaribia videvu, tukaambiwa. Mtoto hasemi. Si kwamba hajui kusema, hasemi. Akiitwa jina anatikisa kichwa. Kengele ikigongwa anaingia chini ya meza. Wenzake wakitoka kucheza na kupiga kelele, yeye anajifungia chooni mpaka kelele ziishe. Mwalimu hakuwa mtu mbaya, aliyasema haya kwa upole, na upole wake ndio uliotutisha. Akasema mambo yakibaki hivi, mwakani hataweza kumpeleka darasa la kwanza. Itabidi Tone aende shule ya watoto wasiosema, nayo iko mbali, na wanafunzi wanalala huko huko. Dada yangu alibana mkoba kifuani kama mtu aliyeambiwa kuna mwizi mlangoni.

Ila kabla ya kufika huko, mwalimu akasema, kwa nini msimtafutie mbwa? Mtoto wa kaka yake alikuwa hivyo hivyo, sauti ikamtoka kwa kumwita mbwa. Lakini awe mbwa mwema, aliyezoea watoto, kwa sababu mbwa mbaya atammaliza kabisa.

Dada yangu hapendi mbwa hata wa kuchorwa. Asubuhi yake, Popo aliporudi, tulimweleza mambo yote pale mezani. Alikata mkate, akaushika mkononi, akasahau kuula. Nilimwona machoni hofu ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu yule mpole. Akasema hakuna atakayemlaza mwanawe mbali naye. Akasema mbwa atamchagua mwenyewe. Dada akakubali kwa sharti: mbwa huyo akimwonyesha mtoto meno hata mara moja, anatoka. Na akaniagiza niende na shemeji yangu, kwa madai kwamba mwanamume mwenye usingizi anaweza kurudi hata na fisi.

Upande wa pili wa mji, kwenye yadi ya zamani ya mbao, kuna mwanamke anayeokota mbwa waliotupwa, anawalisha na kuwatafutia watu. Anaitwa Mama Mbwa. Kwa mwingine lingekuwa tusi. Yeye analiitika na kukupa kiti. Tulifika kwake Popo akitokea kazini moja kwa moja, hajaoga, anapiga miayo ya kumeza mtu. Mama Mbwa akafungua lango. Jamani, nilichokiona! Mbwa wote walimjia Popo. Wakubwa, wadogo, wenye upele, mmoja mwenye miguu mitatu. Walimzunguka, wakamlamba mikono, wakamlalia viatuni. Hata yule aliyefungwa pembeni kwa ukali wake alitikisa mkia mpaka mnyororo ukalia. Popo alisimama katikati yao, macho nusu yamefumba, anatabasamu kama mtu anayeota ndoto nzuri na hataki aamshwe. Mweusi mmoja mkubwa alimwekea kichwa gotini na kupumua kwa nguvu. Popo akasema ni huyu. Akaniambia, Shemeji, wewe si umeona, huyu ananipenda.

Mama Mbwa alitaka watoto waletwe kwanza. Popo akajibu kwamba mbwa mwenye mapenzi namna hii hahitaji kuulizwa. Mama Mbwa akamtazama mikono yake, akafungua mdomo, akaufunga, akatukabidhi mbwa wa kujaribu.

Yule mweusi nilimpa jina la Bosi, na haikunichukua muda kuona halikukosea. Nyumbani hakumtazama mtoto. Alinusa sakafu, akafuata ukuta, akafika kwenye mlango wa chumba cha Popo, akajinyoosha hapo kizingitini kama askari. Popo akatoka kuoga, akaingia kulala, na Bosi akawa amepata kazi. Mtu akipita karibu na mlango ule, anaunguruma. Mimi niliunguruma naye, hatukuelewana. Mchana Tone alitaka kwenda msalani, na kupita ni hapo hapo. Alijibandika ukutani, akanyata, anamtazama. Bosi akainua mdomo, meno yakaonekana yote. Mtoto hakulia. Kojo likamtoka pale alipo, likatiririka mpaka kwenye soksi za kiti, na bado hakutoa sauti hata ya kuhema. Nilimbeba nikamtoa nje kwa hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Dada aliporudi kutoka dukani kwake anakopimia watu vitambaa, hakuhitaji kuhadithiwa. Alisimama mlangoni na khanga begani, akasema Bosi hatalala humu. Popo akaomba nafasi moja tena. Walibishana kwa kunong'ona, jambo ambalo ukilitazama kwa mbali utadhani watu wanasali. Mwishoni dada akasema moja tu, ya mwisho, na safari hii watoto waende.

Jumamosi tukaenda sote. Tulipomrudisha Bosi siku ile, Mama Mbwa alikuwa amemuuliza Popo anafanya kazi gani, akajibiwa, akacheka mpaka akashika nguzo. Mbwa hakukupenda wewe, alimwambia, alipenda siagi. Angekuja muuza nyama angependwa zaidi. Kwa hiyo safari hii Popo alijisugua kwa sabuni ya kufulia na ndimu mpaka akanukia kama sahani. Na kweli, mbwa wale wale waliomlalia viatuni walimbwekea kama mdai kodi. Ilimuuma. Nilimwona anawatazama kama mtu aliyesahauliwa na marafiki.

Mama Mbwa alitukalisha juu ya mbao. Akachukua beseni la bati, akaliinua juu ya kichwa, akaliachia. Mlio ule ulinifurahisha mimi peke yangu. Kuna mbwa aliyekimbilia nyuma ya magogo na hakuonekana tena. Kuna aliyelirukia beseni akaling'ata ukingo. Mzee mmoja hakuinua hata kichwa, nikamsifu kwa utulivu, kumbe ni kiziwi. Na kulikuwa na jike wa rangi ya ganda la mkate, sikio moja limesimama na la pili limeanguka. Huyu aliruka, akakimbia kidogo, akasimama, akageuka, akarudi polepole kulinusa beseni. Halafu akamtazama Mama Mbwa kana kwamba anampa pole.

"Mbwa wa watoto si yule asiyeshtuka," alisema Mama Mbwa. "Ni yule anayeshtuka, kisha akarudi."

Akamvuta lile sikio lililoanguka. Jike akageuza kichwa, akamlamba kiganja. Mama Mbwa akamwekea chakula, akamwondolea katikati ya kula, akangoja. Akamkanyaga mkia kidogo; jike akauvuta mkia wake, akasogea pembeni, yakaisha. Dada yangu, asiyependa mbwa hata wa kuchorwa, alianza kusogea mbele juu ya ubao. Mama Mbwa akapangusa mikono. Sasa watoto, akasema. Kimbieni, rukeni, pigeni kelele zote mlizonazo, nimwone anavyofanya.

Kibibi akamshika mdogo wake mkono. Wakakimbia. Yaani, kama ile ni kukimbia: kwa ncha za vidole, mabega yamepanda, midomo imebanwa, hata vumbi halikuinuka. Wakazunguka yadi namna hiyo, kimya, kama vivuli viwili. Yule jike aliwatazama, akashusha mkia, akalala chini. Mama Mbwa akawaita. Akachuchumaa mbele yao, akauliza kwa sauti ya chini kama kwao kuna mgonjwa. Kibibi akasema hapana. Mama Mbwa akauliza, sasa mbona mnanyata?

Kibibi alimshangaa mtu mzima asiyejua jambo dogo hivyo.

"Baba amelala," akasema.

Na baba yao alikuwa amesimama pale pale, karibu kiasi cha kumwekea mkono kichwani.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe niliusikia siku ile. Dada yangu alitazama chini. Popo aliwatazama watoto wake, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeletewa wageni na hawatambui. Tone alikuwa ameweka kidole mdomoni, anatunyamazisha.

Kisha Popo akaenda kwenye rundo la mbao. Akachagua ubao mpana, akauinua, akauweka begani. Nikadhani usingizi umempanda kichwani. Akageuka, akavuta pumzi, na akatoa sauti ambayo mimi, niliyeishi naye miaka yote hii, sikujua kama anayo. "Njia! Moto! Moto unapita! Njia!" Akaanza kuja kwa kasi na ubao wake. Baadaye ndipo alipotueleza: kazini mashine za kukanda zinanguruma kiasi kwamba hamsikilizani, na mtu anayetoka tanurini na trei la moto lazima apige kelele wenzake wampishe, la sivyo wataungua. Kila siku ya Mungu anapiga kelele vile mpaka kunakucha. Sauti yake yote anaiacha huko, nyumbani analeta mkate.

Sisi tulimpisha. Jike wa kahawia akasimama, akabweka, akamkimbilia, akaanza kumzunguka miguuni. Popo akapita tena, njia, moto, jasho linamtiririka, ndimu na vumbi. Kibibi akacheka, akajiziba mdomo, akamtazama mama yake. Dada yangu alikuwa akilia waziwazi, akamwashiria kwa mkono: cheka. Basi Kibibi akaachia. Alimfuata baba yake anapiga kelele za moto moto, na mbwa nyuma, na mimi nikaona hapana, sitabaki. Nikaitoa sauti yangu niliyozaliwa nayo. Mama Mbwa aliziba masikio yote mawili.

Tone alikimbia nasi. Mdomo aliufungua, mkubwa kabisa. Haukutoka mlio.

Mama Mbwa alimfunga jike kamba akampa dada yangu, akasema mchukueni, huyu nimeshampima. Waliobaki kupimwa ni ninyi. Njiani Popo alitembea nyuma pamoja nami. Nilimwachia nafasi aseme anapotaka. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Shemeji, nimewalea wanangu kama watoto waliofiwa, na mimi ni mzima." Nikamwambia alikuwa akitafuta riziki, nani angemlaumu. Hata mimi mwenyewe niliona jibu langu halitoshi.

Mbwa akaitwa Ganda, kwa rangi yake. Popo akatangaza kwamba kuanzia leo nyumba hii watu waongee. Akavua soksi zote za viti kwa mkono wake. Asubuhi ya kwanza viti vilipiga kelele sakafuni kiasi kwamba sote tulisimama tukangoja mtu atugombeze. Kunyamaza kwa miaka si kanzu, kwamba utaivua tu. Kibibi ndiye aliyewahi. Muda si muda akawa anagombana kama muuza samaki, na majirani wakaanza kutuuliza, kwa huruma ya uongo, yako wapi maadili. Wateja wangu walicheka kwa mdomo mzima pale barazani. Mmoja aliacha kuja, akisema umbea wa kelele hauna siri.

Tone hakubadilika. Alimpenda Ganda, hilo halikuwa na shaka. Walishinda wote uani, mtoto ameegemea ubavu wa mbwa, wanatazama mawingu yanavyopita juu ya kamba ya nguo. Alikuwa akiliinua lile sikio lililoanguka, anamnong'oneza humo mambo marefu, halafu analishusha kama anayefunga mlango. Ganda akimhitaji Tone, anakuja mwenyewe. Tone akimhitaji Ganda, anaenda kumgusa. Hawakuwa na haja ya kuitana. Mwalimu, na yule mtoto wake wa kaka, hakuwa amefikiria hilo! Muhula ukawa unaisha. Dada alianza kununua nguo za Tone kubwa kidogo, za kukaa nazo mbali, na kuzificha chini ya mashuka. Nilizikuta. Nikazirudisha nilipozitoa, nikaenda kukaa peke yangu jikoni.

Na Popo hakulala tena sawasawa. Kelele hakuzikataza, ila aliniambia si kelele zilizokuwa zikimwamsha. Analala, anashuka kule chini ya maji yake, na safari hii anasikia kila kitu: Kibibi huyu, mbwa huyu, Shemeji huyo na mdomo wake. Anahesabu watu wote wa nyumba yake kwa sauti, anakuta mmoja hayupo, anashtuka. Asubuhi moja waliuza mkate usio na chumvi mji mzima, ni yeye aliyesahau. Mwajiri wake alifoka. Popo akasimulia haya akiwa ameegemea mlango, macho mekundu, akaingia kulala, yaani kusubiri.

Siku ile ilikuwa ya joto. Nilikuwa namsukia mteja mmoja muuguzi, kichwa chake kiko nusu, upande mmoja mistari na upande mwingine msitu. Kibibi alikuwa shuleni, dada kazini. Tone alikuwa amerudi chekechea, amekaa uani chini, na Ganda amelala mbele yake juani, kwa ubavu, ulimi umetoka. Uani palikuwa shwari kiasi cha kumsahaulisha mtu alichokuwa anafanya. Mteja wangu alikuwa anasinzia mikononi mwangu, na mimi mwenyewe vidole vilikuwa vinasuka bila kuniuliza.

Ganda akaanza kutikisika. Kwanza pua, kisha miguu ya mbele, kisha yote minne, anakimbia huku amelala ubavu, anabweka ndani ya tumbo, vibweko vidogo kama vya mtoto wa mbwa. Tone alirudi nyuma. Akaja kwangu mbio, kwa ncha za vidole, akanivuta nguo, akaniwekea mdomo sikioni. Akauliza Ganda anakufa? Nikamwambia hapana, anaota tu. Hata mbwa wanaota. Huko alipo anakimbia, labda anacheza.

Tone akamtazama Ganda kwa muda. Uso wake ulikuwa ukibadilika, sijui niseme namna gani, kama mtu anayekumbuka amwambie nani habari fulani. Akaniacha. Akaingia ndani. Nilijua anakwenda wapi pale tu aliposimama mbele ya ule mlango, na mkono wangu ukabaki hewani na nywele za watu. Mlango ule hakuna mtoto aliyewahi kuugusa mchana. Tone akaupiga. Akaupiga kwa mikono yote miwili, kwa viganja, na kisha nikasikia sauti ambayo sikuijua. Ilikuwa ya kukwaruza, nzito kuliko nilivyodhani, sauti ya mtu mzima mdogo.

"Baba! Amka! Amka uone, mbwa anaota!"

Muuguzi aliamka na kuuliza ni nani huyo. Mlango ulifunguka kwa kishindo, Popo akatoka na bukta yake, nywele zimelala upande, akajigonga bega kwenye kizingiti. Tone akamshika kidole, akamburuta. Akapita naye barazani mbele yetu, wakashuka uani, kwenye jua la mchana ambalo yule bwana alikuwa hajalikanyaga sijui tangu lini; akafumba macho kwa mwanga, akafuata anakovutwa kama kipofu. Wakapiga magoti mbele ya Ganda.

Ganda alikuwa ameamka. Kelele zile zote, angeachaje? Alikuwa amekaa, anapiga miayo, anawatazama. Tone alimwangalia mbwa, akamwangalia baba yake. Machozi ya hasira yakamjaa machoni, akasema kwa sauti ile ile, mtaa mzima unasikia:

"Umechelewa, Baba."

"Najua, mwanangu," alisema Popo, akakaa chini pale pale juani. "Najua. Niambie wewe alivyokuwa anafanya."